Albina na Kuta za Engaruka

Albina Tluway alikulia Engaruka, chini ya ngema ya Bonde la Ufa, mahali ambapo mtoto hachungi mbuzi bila kuruka kuta fupi za mawe. Zilijengwa na watu wa kale. Walizungushia mashamba yao mawe, wakachimba mifereji ya kuteremshia maji, wakalima vizazi na vizazi, kisha wakaondoka. Hakuna ajuaye kwa hakika walikuwa nani. Utotoni, Albina na mdogo wake Sostenes walijigawia mashamba yale yaliyojaa miiba: hili lako, hili langu.

Siku hizi Albina anaishi Guangzhou, akiwanunulia wafanyabiashara wa Arusha mikoba. Basi la kwenda Shiling, kwenye maduka ya mikoba, hupita kando ya kilima kilichokatwa matuta ya zamani, na hapo lazima ageukie dirishani.

“Unatafuta nini huko nje?” Teddy, Mchaga anayeishi naye chumba kimoja, humuuliza.

“Naangalia tu.”

Alasiri moja mwaka jana alikuwa dukani Shiling akikagua zipu, Sostenes akapiga simu.

“Shikamoo, dada. Nimeanza msingi wa nyumba yako.”

Albina akakaa juu ya katoni. Nyumba hiyo ndiyo aliyoiwaza kila alipoamka: vyumba viwili na baraza, na mama yao, ambaye sasa hatembei mbali, ameketi hapo akiota jua.

“Mawe umepata wapi?”

“Kule juu. Yamekaa tu, dada. Jirani Emmanueli ana trekta. Tukiyashusha, Krismasi unalala kwako.”

“Umeshayagusa?”

“Ukuta mmoja. Wa lile shamba langu.”

Albina alifumba macho. Aliuona ukuta ule jinsi ulivyopinda kufuata mteremko.

“Yarudishe, Sosi.”

“Siwezi kuyapanga kama walivyoyapanga wao.”

“Panga unavyoweza. Nikirudi nikute pale patupu, nitakuwa nimerudi wapi?”

“Basi nyumba itachelewa. Na mama anakuulizia kila siku.”

“Najua,” alisema, akaiangalia zipu aliyoishika. Mama mwenye duka, ambaye kwa miaka mingi Albina amemwita laoban, yaani bosi, alimwekea kikombe cha maji ya moto pembeni, akaenda kuhudumia wateja wengine.

Sostenes aliurudisha ukuta. Mama yao alibebewa kigoda hadi pale, akawa anamwonyesha jiwe lipi likae wapi, ingawa naye alikuwa akibahatisha. Ukuta umesimama kombo. Msingi wa nyumba bado unangoja matofali kutoka Mto wa Mbu, na Krismasi Albina aliila Guangzhou, yeye na Teddy, kwa pilau ya jiko la umeme.

Jumapili, baada ya ibada, huwa anapiga simu nyumbani.

“Unakuja lini?” mama huuliza.

“Bado kidogo, mama.”

Mama humwambia mvua imenyesha, au haijanyesha, kisha humpa Sostenes simu.