Sola za Nesi wa Kulesa

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya stima Garsen siku nesi wa zahanati ya Kulesa alipoambiwa ateremshe sola zake kwanza, ndipo aunganishiwe stima ya jenereta ya mji.

"Sista, chagua moja," karani alisema, akainua vidole viwili na kukunja kimoja. "Laini yetu haichanganywi."

"Mchana jua linanitosha na kubaki," nesi alisihi. "Hicho kinachobaki kiingizeni kwenye laini, mtumie na ninyi."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Stima hutoka kwetu kuja kwenu. Haijawahi kutoka Kulesa."

Betri za nesi zilikuwa zimechoka na friji ya chanjo haingoji, kwa hiyo alikubali. Sola zikateremshwa, zikapelekwa ghalani Hola.

Kisha mvua zikaja. Barabara ikakatika, lori la dizeli likakwama ng'ambo ya maji, na jenereta ikanyamaza siku tisa. Chanjo zikaharibika. Nesi alizifukia nyuma ya zahanati, akawarudisha kina mama waliokuja kwa mtumbwi kutoka Hewani. Surua haikuchelewa.

Nilimkuta tena kwenye kaunta ile. Karani alimpa fomu ya malalamiko: tarehe, saa, kifaa kilichoharibika.

"Na wale watoto watatu tuliowazika niwaandike wapi?" aliuliza.

Karani aliigeuza fomu, akaitazama nyuma, akamrudishia. "Andika friji tu, Sista."

Foleni nzima tulitazama sakafu. Zamu yangu ilipofika nikasogea kaunta, maana nami nilikuwa nimekwenda kuomba kuunganishiwa stima.