Injini ya Nyumba Tatu

Nikipeleka ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni Kalemie, kuna wanunuzi ambao hupenda kuniuliza habari za kisiwa chetu. Wanadhani kule ni upepo mzuri na samaki wa bure. Huwa nawasimulia habari ya injini, nao hucheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sicheki, kwa sababu siku ile ni mimi niliyekuwa nimelazwa ndani ya boti.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukigombana na mumeo upande huu, upande wa pili wanajua kabla hujamaliza. Tuna kanisa la udongo, tuna duka moja la chumvi na sabuni za Kigoma, zahanati hatuna. Miaka hii ziwa limepanda, likala nyumba za chini, na waliokuwa wakikaa huko wakahamia juu kwetu, basi tumezidi kubanana na kuchokana. Kutoka kwetu hadi Kalemie ni saa tatu kwa injini. Kwa kasia ni kutwa nzima, na upepo wa kusini ukiamka hufiki kabisa.

Ndiyo maana tulinunua injini. Kila nyumba ilitoa ndagala zake kavu, na nasema kweli, sijapata kuona watu wetu wakielewana namna ile. Maelewano yalidumu kama mwezi. Kisha mvuvi mmoja akaichukua kwenda harusini Moba bila kumuaga mtu, akakaa huko wiki nzima, akaturudishia ikikohoa. Tungeweza kumkemea yeye. Tungeweza kununua kufuli. Hapana, hayo yalikuwa mepesi mno kwetu. Tulikaa mkutano kutwa nzima, na akili tuliyotoka nayo sidhani kama imepata kutoka mahali pengine duniani: injini ifunguliwe, vipande vyake vigawanywe.

Tangi la mafuta lilienda kwa mkatekista. Elisi, yale mapanga ya chuma yanayosukuma maji, ilienda kwa mzee wa wavuvi. Buji mbili, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha moto, alipewa mama mkwe wangu, akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake na kulala nazo. Injini yenyewe ikabaki kanisani, chuma tu. Na hakuna kipande cha kutoka nyumbani mpaka hao watatu, ambao sasa waliitwa komite, wakae chini na kukubaliana. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Mimba yangu ya tatu ilikuwa imetimia. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kwenye mchanga nikianika ndagala, chupa ikapasuka. Sikuhangaika, nilikwisha kuzaa mara mbili palepale kisiwani. Lakini mama mzalishaji alinipapasa tumbo, akanipapasa tena, akamwita mume wangu. Yule mama si mtu wa kuita waume.

“Mutoto amelala kwa upana,” akamwambia mume wangu. “Hapa mimi siwezi. Mumupeleke Kalemie, sasa hivi. Mukikawia, tutazika wawili.”

Mume wangu alitoka mbio. Wavuvi wawili wakabeba injini kutoka kanisani na kuifunga kwenye boti. Mimi nikalazwa juu ya nyavu, mama mzalishaji akakaa kichwani kwangu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa vile vitu vitatu vilivyokuwa kwenye nyumba tatu.

Basi komite ikaja, mikono mitupu. Wakakaa kwenye gogo, hatua kumi kutoka kwangu, na mkatekista akafungua mkutano kwa sala. Sala ndefu. Aliwaombea wagonjwa wote wa dunia, na mgonjwa wa kisiwani, ambaye alikuwa akimsikia kila neno, akamfikia mwisho kabisa. Halafu, naapa, akaanza kukumbusha maamuzi ya mkutano uliopita.

“Papa, ninakufa!” nilipiga kelele.

“Tunajua, mama,” akanijibu kwa upole. “Njo maana tumekaa.”

Hakuna aliyekataa. Hilo ndilo linalonipandisha hasira hadi leo: wote watatu walikubali mara moja. Ugumu ulikuwa nani atangulie kutoa. Mzee wa wavuvi alisema elisi yake haitoki kabla hajaona tangi kwa macho. Mkatekista akasema tangi ndilo linalobeba mafuta ya watu wote, haliwezi kutangulia. Wote wakamgeukia mama mkwe. Nikajipa moyo, nikasema huyu ni damu yetu, mjukuu wake yuko humu tumboni.

“Buji ni kitu kidogo,” akasema. “Kitu kidogo njo kinapotea upesi. Mimi nitatoa wa mwisho.”

Nilitaka kumrushia kasia, ila uchungu ulinikamata nikashindwa hata kuliinua.

Wakiwa katika hayo, matone ya mvua yakaanza kudondoka. Asiyejua maisha yetu hawezi kuamini kilichofuata. Ndagala zilikuwa zimetandazwa ufuo mzima, na ndagala zikilowa ni kazi bure, zinaoza. Komite iliondoka kwenye gogo kama kuku waliotupiwa jiwe. Watu wote wakakimbia na mabeseni, wakachota, wakafunika, wakapigana vikumbo. Mume wangu naye alikimbia. Nilibaki kwenye boti na mama mzalishaji, mvua inanipiga usoni, mtoto amekwama. Na mimi, Mungu anisamehe, niliinua kichwa nikapiga kelele: “Zangu ziko upande wa jiwe! Musizisahau zangu!”

Mama mzalishaji alinitazama, akashuka. Sijui aliwaambia nini mmoja mmoja kule kwenye mchanga. Nilichosikia ni sentensi ya mwisho tu, kwa sababu aliitoa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Asiyeleta kitu chake sasa hivi, huyo njo atachimba kaburi, peke yake, na mimi nitasimama pale nikimuangalia!”

Wakaleta. Wote watatu kwa pamoja, wakitazamana, ili asiwepo aliyetangulia. Lakini kuleta ni jambo moja, kuachia ni jingine. Hakuna aliyekubali kipande chake kiende Kalemie bila yeye. Mume wangu akakaa nyuma kuendesha, mkatekista akapanda, mzee wa wavuvi akapanda, mama mkwe akapanda na mwavuli wake. Boti likazama mpaka maji yakakaribia ukingo. Hivyo ndivyo nilivyovuka ziwa, miguu imekunjwa kwa kukosa nafasi, watu watatu wazima wakiikodolea macho injini kwa saa tatu, hakuna hata mmoja anayenitazama mimi. Mama mkwe tu ndiye aliyenishika mguu mara moja. Baadaye alisema alikuwa anajishikiza, mawimbi yalikuwa makubwa.

Tulipofika, mume wangu na dereva wa pikipiki walinikimbiza materinite, hospitali ya wazazi. Nilipasuliwa. Nilipozinduka niliambiwa ni mvulana, anapumua, analia vizuri. Nikalia na mimi, kwa furaha isiyo na kipimo. Muuguzi alingoja nitulie, kisha akaniuliza kwa adabu kama wale wazee walioko mlangoni ni wa kwangu.

“Wako namna gani?” nikauliza.

“Mmoja amepakata tangi la mafuta. Mwingine ana mapanga ya moteri kwenye gunia. Na yule mama hataki kufungua kitenge hata abembelezwe. Nimewaambia tangi litoke nje, linanuka, papa ametoka nalo na amesimama kwenye mvua.”

Walikuwa wameifungua injini pale pale ufukoni, mbele ya watu wa bandari, kila mmoja akachukua chake. Nilitaka kucheka nikazuiwa na mshono. Halafu hasira zikanirudia zote, za sala, za gogo, za mvua, na nikaapa mbele ya muuguzi kwamba nikirudi kisiwani nitautupa ule mpango wao ziwani.

Sikuutupa. Nilirudi, nikakuta ndagala zangu zimeokolewa nusu, nikawa na mtoto wa kunyonyesha na kazi za kufanya. Miaka ikapita. Macho ya mama mkwe yakaanza kufifia, na komite ikaamua buji zihamie kwangu. Nilizipokea nikasema moyoni kwamba sasa mambo yatakuwa mengine. Nikazifunga kwenye ncha ya kitenge changu.

Mwaka jana, saa za mchana, jirani mmoja alikuja mbio hadi mlangoni kwangu. Ni mmoja wa wale waliohamia juu maji yalipopanda. Mgongoni alikuwa na binti yake, macho ya mtoto yamegeuka, mwili ni moto, anatetemeka.

“Mama, buji. Ninakuomba.”

Mkono wangu ulikwenda kwenye fundo la kitenge ukasimama hapo. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, ya upole kabisa, ikiuliza:

“Papa mukatekista ameisha kutoa tangi?”

Alimtazama mwanangu, yule yule niliyepasuliwa kumtoa, aliyekuwa amekaa mlangoni akila muhogo, kisha akanitazama mimi. Nilifungua fundo, nikamwekea buji zote mbili mkononi, na mtoto wake alifika Kalemie, akapona. Lakini swali nilikuwa nimekwisha kuuliza.