Kipima Mwendo cha Babu Mtoni

Harufu ya ndimu iliyochanganywa na majivu hainiachi nikae. Juzi, baada ya matanga ya mama, jirani alikuwa akisugua sufuria. Nikainuka, nikaizunguka nyumba, nikaketi, nikainuka tena. Ndivyo mama alivyokuwa akisugua chombo cha babu.

Babu, baba yake mama, alifanya kazi kwenye bato, zile meli za mto Lualaba. Alibaki na kipima mwendo cha shaba: uso wenye mishale kama saa, kamba ndefu, na mwishoni kipande chenye mabawa kama ya samaki. Kikivutwa nyuma ya bato, mabawa huzunguka na mishale huhesabu safari. Kilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Mtoni kilidanganya, maana hata bato ikifungwa, mkondo ulikizungusha. Babu mwenyewe alituambia hivyo, akiwacheka waliokileta.

Alipougua alitaka jambo moja tu: atolewe hapa Kasongo, arudishwe kwao Kibombo, azikwe karibu na mama yake. Bato zilikuwa hazipiti tena, na pikipiki ingemuua njiani. Kila asubuhi aliuliza, "Tunaondoka leo?" Mama aliingia, akatoka, akaunguza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Siku moja alimketisha babu kwenye mtumbwi uliofungwa ukingoni, akakitupa kile chombo majini. Mshale ukaanza kutambaa.

"Baba, tunakwenda," mama alisema.

"Ee, ninaona. Tumefika wapi?"

Mama akataja kijiji, kisha kingine. Miguu yangu haikutulia. Nikaropoka: "Babu, kamba iko bado imefungwa! Tuko palepale!"

Mama akanifinya. Babu akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mutoto angekuwa kapiteni, hatungetoka Kasongo! Mama, endelea. Tumefika wapi?"

Mama akaendelea mpaka akamfikisha Kibombo.

Babu alifariki kabla ya mvua, tukamzika hapa hapa. Miaka mingi nilimkasirikia mama kimoyomoyo. Kwa nini amdanganye mzee anayekufa? Sikujiuliza vipi mtu aliyezeekea mtoni angedanganyika.

Mwaka huu nimemuuguza mama, nikiwa sina dawa wala njia, natembea tu chumbani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mgonjwa naye humtunza anayemtunza. Babu alimwona binti yake hana cha kumpa, akamwomba kile kimoja ambacho binti angeweza kumpa.

Mama yangu aliniomba maji, kila mara maji, na kikombe chake kilikuwa kimejaa.