Tulipokariri Lugha ya Kompyuta

Nimefundisha katekisimu miaka mingi katika kanisa letu hapa Runyenjes, na namna yangu ya kufundisha ni moja: swali linasomwa, jibu linakaririwa, na anayelisema bila kuchungulia kitabu ndiye aliye tayari kubatizwa. Namshukuru Mungu, wengi walibatizwa hivyo. Ndiyo maana mjukuu wangu wa kike aliponijia na shida yake sikusita.

Chuo kimoja cha Meru kilikuwa na nafasi chache za mafunzo ya kompyuta. Kila mwombaji angeketi mbele ya mashine na kuandika programu ndogo kwa lugha iitwayo Python. Akishindwa, mwanangu, baba wa msichana, alikuwa amekwisha kumpangia kozi ya ushonaji, na yeye ushonaji hakuutaka hata kidogo. Zilibaki wiki tatu.

"Guka, masomo ya mtandaoni ni mengi mno," aliniambia; guka kwetu ni babu. "Huyu anasema anza hapa, yule anasema huyo ni mwongo. Sijui nimwamini nani."

"Niachie mimi," nikamjibu.

Nikaenda Embu mjini kwa muuza vitabu vya mitumba. Alikuwa na vitatu vya lugha hiyo. Nikachagua kilichozeeka kuliko vyote: kinene, kurasa za manjano, jalada limeshikwa kwa gundi. Maisha yangu yote, maneno niliyoyaamini ni yale yaliyodumu. Sikuona kwa nini kompyuta iwe tofauti.

Kila asubuhi baada ya sala tuliketi barazani. Mimi nikisoma mfano wa programu kitabuni, yeye akiusema mstari kwa mstari, hata mabano na nukta. Mke wangu alipita na ndoo ya maziwa akicheka.

"Na hiyo kompyuta yenyewe mtaibatiza lini?"

Baada ya wiki moja msichana alizijua sura mbili nzima kwa moyo. Nilijawa na fahari, nikampeleka kwa katibu wa kanisa, mama anayetunza kompyuta ya ofisi, ili amsikilize.

"Bwana asifiwe, mwalimu. Mmeshajaribu kwenye mashine?"

"Bado. Kwanza akariri vizuri."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Wewe kukamua ng'ombe ulijifunza kwa kukariri?"

Akamketisha msichana. Mfano wa kwanza ukakataa. Wa pili ukakataa. Wa tatu ukakubali, halafu minne ikafuatana kukataa, maandishi mekundu ya makosa yakijaa kwenye kioo. Mjukuu wangu akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Katibu akafunua ukurasa wa mbele wa kitabu changu.

"Hiki ni cha toleo la zamani. Lugha yenyewe imebadilishwa tangu wakati huo."

Niliona aibu. Nilikuwa nimempotezea mtoto wiki nzima kwa kupenda vitu vikuukuu.

"Mhubiri mgeni akija hapa tunafanyaje?" katibu akaniuliza.

"Tunamwomba barua ya kanisa lake kabla hajapanda madhabahuni."

"Basi."

Kuanzia hapo kila somo tuliliomba barua. Nani ameliandika? Ametumwa na nani? Ni la toleo gani, na limesahihishwa lini? Mengi hayakuwa na jibu. Kijana mmoja kwenye video aliahidi kumfanya mtu fundi kwa siku moja. "Guka, huyu hana hata kanisa," mjukuu wangu akasema, akaifunga video. Mwishowe tukaupata mwongozo wa watunzaji wa lugha yenyewe. Ni wa bure, toleo limeandikwa juu kabisa, na kila mfano tulioujaribu ulifanya kazi kama ulivyoahidi. Tukaongeza mazoezi ya chuo kikuu kimoja ambayo walimu wake wamejitaja wazi.

Alasiri zote zilizobaki tulishinda ofisini kwa katibu. Kuandika sikujua, lakini subira Mungu amenijalia. Maandishi mekundu yalipotokea na msichana akataka kufuta yote, nilimzuia mkono, nikamwambia asome kwanza. Alisoma kwa sauti, akatafuta mstari uliotajwa, na mara nyingi kosa lilikuwa pale pale likimngoja.

Siku ya jaribio nilimsindikiza Meru, nikakaa nje kwenye benchi na wazazi wengine, nikiomba kimoyomoyo. Akatoka.

"Ilikataa mara mbili, Guka."

Nikasogea kumpisha aketi.

"Nikasoma inachosema, nikarekebisha, ikakubali. Mwalimu akaniuliza mbona sikushtuka. Nikamwambia nimezoea kukataliwa."

Tulicheka hadi mama mmoja pale kwenye benchi akacheka nasi bila kujua sababu.

Jibu la chuo lilifika wiki iliyofuata. Mwanangu aliisoma barua mara mbili, akaikunja polepole. Habari za ushonaji hakuzigusa. Aliniuliza tu kama godoro la bweni ni afadhali kulinunua huku au Meru kwenyewe.