Nywele za Ngurumo

Mpaka leo nikisikia ngoma za isukuti, zile za kusindikiza fahali wa kupigana, najifanya nafunga kamba za viatu, kwa aibu niliyojitia mwenyewe na ng'ombe wa kompyuta.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimejifundisha kuunda gemu kwa kompyuta kuukuu ya chuo fulani cha taipu hapa Kakamega, nikaunda ya fahali wawili wanaopigana, na mmoja nikamchora kama Ngurumo, fahali bingwa wa Mzee Ashiundu. Mkuu wa chuo, Bi Ayuma, aliniambia wazi: siku ya wazazi gemu isipopendeza, kompyuta inarudi kwa wanafunzi wa taipu. Basi asubuhi hiyo nikaona mkia wa Ngurumo hauna nywele (nani angeangalia mkia? Mimi!), nikaanza kuchora unywele mmoja mmoja, na bila hata kuijaribu gemu nikaita watu.

Mzee alikuja na mashemeji zake na wapiga ngoma wake, kama anampeleka Ngurumo uwanjani. Nikabonyeza. Ngurumo, mzuri kama picha ya studio, akainua mguu mmoja, akabaki hivyo. Ngoma zikapigwa mpaka wapigaji wakachoka, wakaketi.

"Kijana yangu," Mzee akauliza, "huyu amekufa ama anangoja mvua?"

"Ni nywele, mzee. Zimelemea mashine."

"Basi mnyoe!"

Watu wakaangua kicheko. Nikafuta nywele, nikafuta ngozi, nikafuta kila kitu nilichokesha nikikipamba, yakabaki maboksi mawili yenye vijiti vya pembe. Nikajua kompyuta imekwenda. Lakini nilipobonyeza tena, boksi la Ngurumo likainamisha kichwa, likachimba udongo, likamzunguka mwenzake kwa ubavu, vile nilivyomwona Ngurumo akifanya kila Jumamosi.

Mzee akaruka kitini. "Ngurumo huyo! Piga ngoma!"

Raha ikanizidi, nikasahau kubonyeza. Boksi la pili likasukuma, na la Ngurumo likageuka, likatoroka (fahali akishindwa hukimbia, hata hilo niliiga kwa uaminifu).

Ngoma zikakatika.

"Ngurumo hakimbiangi!" Mzee akafoka. "Umeniaibisha mbele ya mashemeji!" Akatoka na ngoma zake.

Bi Ayuma alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Sijawahi kuona mtu akigombana na boksi," akasema. "Kompyuta kaa nayo. Lakini Mzee mpelekee ingokho."

Nikapeleka kuku. Mzee akamla akammaliza, akalamba vidole, ndipo akauliza, "Tunarudiana lini?"

Tangu hapo sichori hata unywele kabla ng'ombe hajatembea. Na nimeapa: fahali wa mzee hashindwi tena mikononi mwangu.