Dimbwi Lililokauka Kituoni

Kwenye kituo kile magari ya Musonoi yanashusha, ya Kapata yanapakia, na pikipiki zinakatiza kana kwamba barabara ni ya baba yao. Mama Ndaya amekaanga mikate pale miaka sita, kwenye kona pana ya ukutani. Kona hiyo aliipigania na wauza vocha, akaipigania na polisi, na hakuna aliyemng'oa.

Dimbwi la katikati ya kituo kila dereva alilitukana. Mvua ikinyesha, maji yanakaa siku tatu. Basi Jumapili moja ikanyesha kutwa nzima, na Jumatatu asubuhi dimbwi hakuna. Madereva wakafurahi. Ndaya alishtuka mpaka mikate ikaungua. Maji yote yale yamekwenda wapi?

Akakitazama kibanda cha maturubai kilichokuwa jirani. Kijana aliyekipanga, Stany, alikuwa amewaambia watu kwamba anachimba choo. Choo! Kule mtaa wa Kasulo marehemu mume wa Ndaya naye aliwaambia majirani anachimba choo, kumbe anafuata madini ya kobalti chini ya chumba cha kulala, na Ndaya akaitikia uongo ule kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umelewa kobalti. Choo kile ndicho kilichomfukia. Na hapa, kama shimo la Stany limefika chini ya dimbwi, juu yake kila mara husimama basi zima la watu.

Akamweleza Tata Kabasele, mzee aliyekuwa mkubwa wa kituo. Kabasele akacheka, akamwambia arudie mikate yake.  Ndaya alibeba mbabula yake, jiko la makaa, pamoja na moto wake, akaitua pale magari yanapoingilia, akakaa chini. Honi zikapigwa, matusi yakamwagika, mama yule kichwa kigumu hakugeuza hata shingo.

"Mi nilinyamaza mara moja, tata," Ndaya alimwambia Kabasele alipomjia. "Bwana yangu alibakia mule shimoni. Leo mukitaka kupita, mutanipita juu."

Kwa hasira, ili amwaibishe mbele za watu, Kabasele akachukua mtaimbo akaukita palipokuwa na dimbwi. Ukazama wote, ukamponyoka mkononi, na ilipita kitambo kabla hawajausikia ukigonga chini.  Stany alikuwa ameshatoroka kwa nyuma ya kibanda chake.

"Sasa tupakilie wapi, mama?" Kabasele aliuliza, sauti imemshuka.

Ndaya aliitazama kona yake, ardhi ngumu ya mawe. Ilimuuma, kusema kweli ilimuuma sana. Akaenda akainua benchi yake na beseni la unga, akaviweka pembeni.

"Pale," akasema.