Mawe Bila Sahihi

Kwa miaka thelathini na moja nilitunza stoo ya kiwanda cha milango, na hakuna fundi aliyetoka na hata msumari mmoja bila karatasi yenye sahihi. Waliniita Kufuli. Nilipostaafu, simu ikanyamaza, nikabaki kumfokea paka.

Ndipo binti yangu, muuguzi, akaniwekea gemu ya vita kwenye kompyuta. Yeye anaongoza askari, mimi naongoza wachimbaji: tunakata miti, tunavunja mawe, tunajaza ghala. Siku ya kwanza adui alibomoa ukuta wetu huku ghala limejaa pomoni.

"Baba, mbona hukunipa mawe?"

"Hukuleta karatasi."

Alicheka hadi akashika mbavu. Tangu hapo, kila akitoka zamu, tunacheza na bunda la vikaratasi mezani. Vita vikipamba moto, mkono wake mmoja unapigana, mwingine unatia sahihi: mawe ishirini, mbao kumi. Mimi nasoma, naridhika, natoa. Sijafurahi hivyo tangu ujana.

Jana, nikimsubiri, nilipekua mipangilio ya gemu. Nikakuta kitufe cha kuwafanya wachimbaji wajaze ghala wenyewe, bila msimamizi. Binti yangu alikuwa amekizima tangu siku ya kwanza.

Nikaufunga ukurasa ule taratibu, kama ulivyokuwa.

"Shikamoo, baba," alisema akiingia, akavuta kiti na kuchukua kalamu. "Leo tuna mawe?"

"Marahaba, mwanangu. Yapo. Leo chukua bila sahihi."